Saa Tatu, Addis Ababa

Dalali aliniambia nije kuona chumba saa tatu. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, kwa hiyo nikafanya hesabu ambayo kila Mswahili huifanya kichwani bila kujua kuwa anaifanya: tatu ya Kiingereza ni tisa yetu. Jumamosi ile, tarehe 9 Septemba 2017, saa tisa kamili alasiri nilikuwa mbele ya geti la bati la kijani katika mtaa wa Hayahulet, Addis Ababa, mvua inanidondokea mabegani, nabisha hodi. Alitoka mlinzi aliyejifunika gabi, lile shuka zito la pamba ambalo wanaume wa kule hujitanda wakati wa baridi. Akanitazama, akatazama nyuma yangu kuona kama nimefuatana na mtu, akasema neno nisilolielewa na kutikisa kichwa. Nikampigia dalali. Hakupokea. Nikapiga mara ya pili, ya tatu. Nikarudi gesti nimeshatoa hukumu: watu wa mji huu hawajui miadi.

Nilikuwa na siku tano tu tangu nifike mjini, na hiyo haikuwa hukumu yangu ya kwanza.

Nilitua uwanja wa Bole usiku wa Jumatatu, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Ofisi yangu ya Dar es Salaam ilikuwa imenituma kukagua hesabu za mradi kwa miezi sita. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia mahali ambapo mtu akipotea njia hujiuliza kwanza bahari iko upande gani. Addis Ababa imekaa milimani, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na ngazi za ghorofa ya pili tu zilinifanya niheme kama niliyetoka kisimani na ndoo mbili. Nililala na soksi, sweta na mtandio kichwani. Kabla sijapata usingizi mama akapiga simu kutoka Tanga. Aliposhukuru kwamba nimefika salama, akauliza lile swali wanaloulizwa wote walioko safarini.

“Huko kwenu sasa ni saa ngapi, mwanangu?”

“Saa sita usiku, mama.”

Akanyamaza kidogo. “Mbona hata hapa ni saa sita?”

“Saa zetu na zao ni zile zile, mama.”

Nilimaanisha kwamba nchi zetu mbili ziko katika ukanda mmoja wa saa, saa tatu mbele ya Greenwich. Hilo nilikuwa nimelisoma kwenye tiketi, na nililisema kwa usingizi.

Asubuhi kilichonipokea kilikuwa harufu. Moshi mwembamba, mkali, wenye kitu cha dawa ya kifua ndani yake. Ilikuwa mikaratusi. Akina mama huteremka na mizigo ya kuni zake kutoka mlima Entoto, migongo imepinda mpaka nyuso zao zinatazama lami. Mti huu asili yake ni Australia. Uliletwa katika enzi za Mfalme Menelik wa Pili, mwishoni mwa karne ya 19, wakati mji ulioanzishwa mwaka 1886 ulikuwa umekwisha kumaliza misitu iliyouzunguka. Watu wa kule wanauita baharzaf, mti wa ng'ambo ya bahari. Neno hilo lilipita masikioni mwangu siku ile kama yalivyopita mengine yote.

Barabarani palikuwa na vibasi vya buluu na nyeupe, na vijana walioning'inia milangoni wakiita “Mexico, Mexico, Mexico!” kwa mwendo ule ule wa makonda wetu wanaoita Posta. Mexico ni mzunguko wa barabara mjini hapo. Kilichonitisha zaidi kilikuwa pumzi. Nilimuuliza dada wa mapokezi kama maji ya moto yapo, naye badala ya kujibu akavuta pumzi ndani ghafla, kama mtu aliyechomwa sindano. Nikamuuliza kama anaumwa. Akashangaa. Baadaye nilielewa kwamba kule mtu anaweza kukubali kwa kuvuta pumzi tu, ‘ndiyo’ inayoingia ndani badala ya kutoka nje. Lakini siku hiyo ya kwanza nilikwishaandika kwenye kijitabu changu kwamba watu hawa ni wepesi wa kushtuka.

Kijitabu hicho ninacho mpaka leo. Nikikisoma naona kwamba katika siku nne za mwanzo nimeandika sentensi kumi na moja zinazoanza na maneno “watu hawa”.

Ijumaa, siku moja kabla ya yale ya geti la kijani, niliketi na bahasha ya risiti. Kazi ya mkaguzi ni kutilia shaka karatasi, na mimi kazi hiyo naijua. Risiti ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya gari, imeandikwa mwaka 2009. Ya pili, ya kalamu na karatasi, 2009. Nikafikiri wamenipa faili la zamani. Kisha ikaja moja iliyokuwa na tarehe 3, mwezi wa 13. Nikaiweka peke yake juu ya meza. Kwa miaka kumi na minne ya ukaguzi nimeona tarehe zilizofutwa, tarehe zilizoandikwa juu ya tarehe, hata tarehe 31 Juni. Mwezi wa kumi na tatu sikuwahi kuuona. Nikainuka nayo mpaka kwa mhasibu wa ofisi, mzee wa makamo ambaye vijana wote walimwita Gash, kama sisi tunavyosema mzee fulani au kaka fulani kwa heshima. Nikamwekea risiti mbele yake bila salamu. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Akaitazama, akanitazama. “Hii ni ya leo,” akasema.

Akachukua kalamu na kunichorea. Mwaka wa Ethiopia una miezi kumi na miwili yenye siku thelathini kila mmoja, bila ya mmoja kuwa mrefu na mwingine mfupi. Siku zinazobaki, tano au sita kila baada ya miaka minne, zinakusanywa katika mwezi mdogo wa mwisho uitwao Pagume. Tulikuwa ndani yake. Mwaka wao ulikuwa 2009, na Jumatatu inayokuja ungeanza 2010. Alipomaliza aliniletea kiti, akaagiza chai, nayo kwa Kiamhari ni shai, na tukapitia bahasha nzima pamoja. Risiti zote zilikuwa sahihi. Mchana akanichukua mkahawani. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, siku ya mfungo kwa Wakristo wa Orthodoksi, sahani ilikuwa haina nyama wala siagi: dengu nyekundu, mboga za majani, mchuzi wa unga wa mbegu za jamii ya kunde uitwao shiro, vyote juu ya injera, mkate wao mwembamba. Mimi Mwislamu niliyekuwa nikihangaika kuuliza nyama imechinjwa na nani nilikula siku hiyo nikashiba bila kuuliza chochote.

Kwa hiyo siku iliyofuata, pale getini, nilikwishajua kuwa kalenda yao ni nyingine. Lakini sikuchukua hatua moja zaidi nikajiuliza kuhusu saa. Nilidhani, kama wadhanivyo wengi, kwamba kalenda ni mambo ya dini na mila, ila saa ni saa tu, ya dunia nzima.

Dalali alipiga mwenyewe jioni ya Jumamosi, sauti imechoka. Yeye na mwenye nyumba walinisubiri tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikamwambia mimi nilifika kwa wakati, saa tatu, kama alivyosema.

“Tatu ya ferenji,” akasema. Ferenji ni Mzungu. “Mimi nilikwambia saa tatu. Tatu ya asubuhi. Jua linatoka, saa moja, saa mbili, saa tatu.” Alikuwa akinihesabia polepole, kama mtoto.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Jua linachomoza, tunaanza kuhesabu. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusoma saa nikiwa na miaka sita. Kama angeniambia neno lile lile na mimi nikalisikia kwa masikio ya nyumbani, ningefika pale saa tatu asubuhi na viatu vikavu. Nilikosa miadi kwa saa sita kwa sababu niliivua saa yangu nikavaa ya Kiingereza, nikaenda nayo kwa mtu aliyekuwa amevaa ile niliyoivua.

Hapa sina budi kumtaja bibi yangu wa Pangani. Ukutani mwake palikuwa na saa ya mbao, na mishale yake ilisema kile kile alichokisema mdomo wa bibi: adhuhuri ilisimama kwenye sita, magharibi kwenye kumi na mbili. Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi Dar, kila akija likizo alipanda kiti na “kuirekebisha”. Bibi hakubishana naye. Alingoja mpaka basi limeondoka, kisha akanituma nipande kiti kile kile niirudishe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiizungusha mishale, saa sita nzima, kengele ikigonga njiani. Sisi tulio wengi tunaishi kwa njia ya katikati: mishale ya Kizungu, midomo ya Kiswahili. Simu inaonyesha 9:00 na tunasema saa tatu, hatuoni ajabu. Lakini tunapoingia ofisini, hasa palipo na wageni, tunaificha. Miaka miwili kabla ya safari hii nilimwambia kijana mmoja wa ofisi yetu afute maneno “saa nne asubuhi” kwenye mwaliko wa mkutano wa wafadhili, ingawa mwaliko wenyewe ulikuwa wa Kiswahili. Nilimwambia tutaonekana hatujui kazi. Alifuta. Usiku ule Addis Ababa nilimkumbuka yule kijana na uso wake.

Mjini mle saa ya Kiswahili haijifichi, ila tu haiitwi ya Kiswahili. Imo kwenye saa za mkononi za watu, imo kwenye saa za kuta za maduka. Na ina akili yake. Addis Ababa iko nyuzi tisa kaskazini mwa ikweta, Tanga iko tano kusini. Katika sehemu kama hizi jua halichezi sana na watu, mwaka mzima mchana na usiku vinakaribia kulingana, na kuianza siku jua linapochomoza ni jambo la maana kuliko kuianza usiku wa manane watu wamelala. Bibi yangu na watu wa nyanda za juu za Uhabeshi hawakuonana wala kushauriana. Walilitazama jua lile lile.

Jumapili saa tatu asubuhi, tatu yetu, nilikuwa getini. Mama mwenye nyumba alinifungulia mwenyewe. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na sakafu imepigwa deki. Alikuwa amemwambia dalali asikipangishe kwa mtu mwingine, huyo mgeni atakuja tu. Alikwishaanza kuandaa kahawa. Niliona chungu kidogo cha udongo chenye shingo nyembamba, jebena, juu ya jiko la mkaa, na vikombe visivyo na mikono vimepangwa. Nilikunywa kimoja, nikashukuru, nikasimama ili nimalizane na dalali. Mama alitazama jebena yake, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Dalali, ambaye hata kwa Kiamhari huitwa delala, aliniambia tukiwa nje kwamba haifai kuondoka kwenye kikombe cha kwanza.

Kazi yangu imenizoesha safu mbili, ya kuingia na ya kutoka. Jioni hiyo nilifungua ukurasa mpya wa kijitabu nikapiga mstari katikati. Upande mmoja nikaandika delala, upande wa pili dalali. Shai, chai. Sikwar, sukari. Samuna, sabuni. Hamus, Alhamisi. Bahir, bahari, na hapo ndipo nilipoirudia baharzaf na kuielewa, bahari yangu iliyokuwa imejificha ndani ya jina la mti, katika nchi isiyo na pwani. Se'at, saa. Mengi ya maneno haya sisi tuliyapata kwa Kiarabu, nao Kiamhari chao kina undugu wa damu na Kiarabu na kimefanya biashara nacho tangu kale. Kwa hiyo si muujiza. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nikiyasikia kwa siku sita na sikuyasikia. Nilifika na Kiingereza kama mtu anayeingia kwa jirani na taa ya kuazima, wakati nyumba ina taa yake na ni ya aina ile ile iliyo kwetu.

Na huo haukuwa mji ambao Kiswahili hakijafika. Kila siku nilipita karibu na jengo refu la Umoja wa Afrika lililofunguliwa mwaka 2012. Nilijua, kama wajuavyo wapenzi wengi wa lugha hii, kwamba Julai 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji, akiwa anakabidhi uenyekiti wa Umoja huo, aliwahutubia viongozi wenzake kwa Kiswahili, mjini hapo hapo. Nilikuwa nimelisimulia jambo hilo mara nyingi kwa fahari. Nilikuwa nalo kama picha ya ukutani. Haikunijia kwamba lugha ile ingeweza kunisaidia kufika kwenye miadi.

Jumatatu ilikuwa Enkutatash, mwaka mpya wa 2010. Mvua zilikuwa zinaaga na pembezoni mwa barabara yalikuwa yamechanua maua ya njano, adey abeba, yanayotoka msimu huo tu. Wasichana wadogo wa mtaa walipita nyumba kwa nyumba wakiimba, mikononi wana vitita vya maua na majani. Nilihamia na begi langu moja. Sebule ya mama ilikuwa imetandikwa majani mabichi sakafuni, na ndugu zake walikuwa wamejaa. Walikuwa wanakula kuku wa mchuzi mwekundu mzito na mayai, chakula cha heshima kuliko vyote. Mama akanishika mkono akanikalisha kwenye meza ya pembeni. Palikuwa na sahani iliyofunikwa. Dengu, shiro, mboga, kwenye vyombo vyake tofauti. Wakristo na Waislamu wengi wa kule hawali nyama iliyochinjwa na wenzao, na yeye alikwishaona mtandio wangu na kuuliza jina langu. Sikuwa nimemwomba. Hakunieleza. Alisema tu “lije”, mwanangu, akakata tonge la injera, akalichovya akanilisha kwa mkono wake, kama tunavyolisha maharusi.

Tonge lile lilinirudisha chuoni Tanga, kwenye mkeka, ustadhi akitusimulia habari za Najashi, mfalme wa Uhabeshi Mkristo aliyewapokea masahaba waliokimbia mateso ya Makka na akakataa kuwarudisha. Nchi hii niliisikia kwa wema kabla sijaijua kwenye ramani. Kisha nikakua, nikasoma, nikaisikia kwa njaa na vita kwenye redio, na nilipopanda ndege nilibeba ile ya redio.

Baada ya chakula mama aliosha buni mbichi, akazikaanga juu ya mkaa, akapitisha kikaango kinachofuka kwa kila mgeni ili avute moshi wake kwa kiganja. Ubani ukawashwa. Bisi zikamwagwa kwenye sinia. Kwetu kahawa ni kikombe kidogo cha barazani, chungu, na kipande cha kashata, mzee akisikia mlio wa vikombe vya muuzaji anasogea apishe wengine wakae. Hapa ilikuwa ndani, mikononi mwa mwanamke, na ya polepole. Lakini vikombe vilikuwa vile vile, na habari zilikuwa zile zile, nani kaoa, nani mgonjwa, mvua imeharibu nini. Kikombe cha kwanza kinaitwa abol. Maji yanaongezwa juu ya machicha yale yale, inachemka tena, kinakuja cha pili, tona, chepesi kidogo. Wageni wawili watatu walitaka kuinuka, mama akawanyooshea mkono wakakaa. Sikuinuka. Akamimina cha tatu, rangi imekwisha kupungua, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Baraka,” akasema.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia, kwa Kiingereza kibovu na vidole, kwamba neno hilo ni letu. Akatikisa kichwa: hapana, ni letu. Ndugu zake wakacheka, nami nikacheka, na nikakinywa chote mpaka machicha.

Ilikuwa usiku mama alipopiga kutoka Tanga. Nilikuwa bado sebuleni, nimevua viatu, miguu juu ya yale majani. Akauliza kama nimekula, kama kuna baridi, kama watu ni wema. Halafu, kwa mazoea, akauliza huku kwetu sasa ni saa ngapi.

Kabla sijajibu, mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikusanya vikombe na kulisikia lile neno moja, saa, kutoka kwenye simu, aligeuka kuitazama saa yake ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu. Akaniinulia vidole vitatu.